Fakilte za uchumi zianze kwa kujihesabu zenyewe

Tangu zawadi ya Nobel ya uchumi ilipoanza kutolewa munamo mwaka 1969, wanawake walioipata ni watatu tu: Elinor Ostrom mwaka 2009, Esther Duflo mwaka 2019 na Claudia Goldin mwaka 2023. Miaka arobaini ilipita kabla ya kumpata wa kwanza. Na katika hao watatu, ni Goldin peke yake aliyeipata bila kugawana na mwanaume.

Huyo wa kwanza hakuwa hata na diploma ya uchumi. Ostrom alipotaka kufanya udaktari wa uchumi katika chuo kikuu cha California huko Los Angeles, idara haikumpokea kwa sababu alikosa hesabu za kutosha. Alizikosa kwa nini? Kwa sababu katika shule yake ya sekondari msichana asiyekuwa na alama za juu kabisa hakuruhusiwa kusoma trigonometria. Akachukua sayansi ya siasa. Akatumia maisha yake kuchunguza namna watu wanavyotunza kwa pamoja misitu, malisho, mifereji ya maji na samaki, bila kungoja serikali iwaamuru na bila tajiri mmoja kuvinunua vyote. Wavuvi wa sambaza wa ziwa Kivu wangemwelewa upesi kuliko maprofesa wengi wa uchumi wa wakati wake.

Hakuna aliyemwambia Ostrom kwamba haruhusiwi kwa kuwa ni mwanamke. Walimwambia tu kwamba hana hesabu, na ilikuwa kweli. Mlango wake ulifungwa miaka mingi kabla hajaufikia, na yule aliyemkatalia mwishoni alikuwa na haki yote kwenye karatasi. Ndiyo maana hotuba hazisaidii sana katika jambo hili. Kila tarehe 8 Machi kwetu watu wanashona vitenge, wanaandamana, viongozi wanasema maneno mazuri juu ya mwanamke, na tarehe 9 kila mmoja anarudi ofisini kwake akiwa yule yule.

Wachumi, angalau baadhi yao, wamefanya kitu bora kuliko hotuba. Wamechukua vyombo wanavyotumia kupima bei ya mahindi na mishahara ya watu, wakavielekeza kwenye nyumba yao wenyewe. Walichokikuta kinahusu pia vyuo vikuu vya Goma, Bukavu, Lubumbashi na Kisangani, ijapokuwa hakuna hata kimoja kilichotajwa katika tafiti hizo.

Tuanzie Marekani, ambako chama cha wachumi kina kamati ya kufuata hali ya wanawake tangu mwaka 1971, kwa hiyo hesabu zake ni za muda mrefu. Huko wanawake ni zaidi ya nusu ya wanafunzi wa chuo kikuu. Lakini kati ya wanaochagua uchumi, wao ni kama theluthi moja. Katika masomo ya udaktari ni theluthi moja vile vile. Ukipanda hadi kwa maprofesa wa ngazi ya juu, hawafiki hata mmoja kwa watano. Munamo mwaka 2019 Shelly Lundberg na Jenna Stearns waliandika kwamba maendeleo yaliyoonekana tangu miaka ya 1970 yalisimama katikati ya miaka ya 2000. Kwa hiyo wale wanaosema tusubiri tu, wasichana wengi wanasoma siku hizi, mambo yatajirekebisha yenyewe, wanajibiwa na hesabu hiyo: walisubiri miaka karibu ishirini na theluthi ikabaki theluthi.

Sasa wanapotelea wapi? Sehemu ya kwanza ni darasa la kwanza kabisa. Goldin alifuata wanafunzi wa chuo kimoja akaona jambo la kushangaza: msichana akipata alama nzuri lakini si ya juu kabisa katika somo la kwanza la uchumi, mara nyingi anaondoka. Mvulana mwenye alama ile ile anabaki. Mvulana anajiambia kwamba imetosha. Msichana anaisoma kama barua ya kumfukuza. Mwalimu hakukosea kusahihisha na mtihani haukuwa na upendeleo. Walichosikia watoto hao wawili katika alama moja ndicho kilichotofautiana.

Sehemu ya pili ni kazi yenyewe ya utafiti, na hapa tunaomba msomaji avumilie kidogo maana ndipo penye uzito. Mchumi anapandishwa cheo kufuatana na yale aliyoyachapisha. Wengi wanaandika wawili au watatu pamoja, na katika uchumi majina yanapangwa kwa alfabeti, hivyo msomaji hawezi kujua nani alifanya kazi kubwa. Heather Sarsons alikusanya habari za maisha ya kazi ya wachumi wa vyuo vikubwa vya Marekani, akauliza: kila chapisho linamwongezea mtu kiasi gani nafasi ya kuthibitishwa kazini? Kwa mwanaume, kuandika peke yake au na wengine kulileta faida karibu sawa. Kwa mwanamke, chapisho aliloandika peke yake lilihesabiwa vizuri, lakini lile aliloandika na wanaume lilimsaidia kidogo sana. Wakubwa waliposoma majina mawili, la mwanaume na la mwanamke, walidhani kazi ni ya mwanaume. Mwanamke alipoandika na wanawake wenzake, hasara hiyo ilipungua. Sarsons alipotoa matokeo yake ya kwanza aliweka maelezo mafupi chini ya ukurasa kwamba makala hiyo ameiandika peke yake kwa makusudi. Tunamwelewa.

Erin Hengel alipima kitu kingine: urahisi wa kusomeka. Alichukua muhtasari wa makala zilizotoka katika majarida makubwa ya uchumi akakuta zile za wanawake zimeandikwa kwa uwazi zaidi, kati ya asilimia 1 na 6. Akalinganisha pia maandishi ya kwanza na yale yaliyochapishwa, akaona pengo hilo linakua wakati makala iko mikononi mwa wakaguzi. Maana yake ni kwamba wanawake wanaombwa kusahihisha zaidi. Katika jarida Econometrica makala za wanawake zilikaa kwa wakaguzi karibu miezi sita zaidi ya zile za wanaume. Mtu mwenye miaka sita au saba ya kujithibitisha kazini, akipoteza nusu mwaka kwa kila makala, atamaliza na makala chache. Kisha atakaa mkubwa mmoja kwenye kikao na kusema, kwa unyofu kabisa, kwamba mama huyu anaandika vizuri lakini hazalishi.

Yako pia mambo ya semina, ambapo Pascaline Dupas na wenzake waliweka watu wa kuhesabu maswali katika mamia ya vikao. Wanawake waliulizwa maswali mengi kuliko wanaume, na maswali ya ukali au ya kudharau yalikuwa mengi zaidi kwao. Na yako mambo mabaya kuliko maswali. Munamo mwaka 2019 chama cha wachumi wa Marekani kiliwauliza wanachama wake juu ya hali ya kazini, na karibu nusu ya wanawake waliojibu walisema wametendewa isivyo haki kwa sababu ya jinsia yao. Wanawake karibu mia moja walisema walishambuliwa kingono na mwenzao wa taaluma. Hao ni watu wenye diploma kubwa, wanaofundisha wengine namna jamii inavyopaswa kujipanga.

Hayo ndiyo ugonjwa. Na dawa? Tafiti hizi hazikuishia kulalamika. Dawa zilijaribiwa kama zinavyojaribiwa hospitalini, kundi moja likipewa na jingine likikosa, kisha wakalinganishwa.

Ile iliyotupendeza zaidi ni ya bei ndogo kabisa. Catherine Porter na Danila Serra waliifanya katika chuo kikuu cha Southern Methodist, mjini Dallas, munamo mwaka 2016. Walichagua wanawake wawili waliosoma uchumi hapo zamani na kufanikiwa katika kazi zao, wakawaleta kuongea kwa muda mfupi katika baadhi ya madarasa ya mwaka wa kwanza, yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu. Hawakutoa hotuba juu ya haki za mwanamke. Walieleza tu walivyofika walipo na namna uchumi ulivyowasaidia. Kabla ya hapo, wasichana waliochagua uchumi walikuwa 9 kwa mia. Katika madarasa yaliyotembelewa idadi hiyo iliongezeka kwa 8, yaani karibu mara mbili. Kwa wavulana hakuna kilichobadilika.

Dawa ya pili inahusu wale waliokwisha ingia. Tangu mwaka 2004, kamati ile ya chama cha wachumi imekuwa ikiwakusanya wanawake ambao ni maprofesa vijana, siku mbili, katika vikundi vidogo, pamoja na wakubwa wao wa kike. Wanasomeana kazi. Wanaelezwa mambo ambayo hayaandikwi popote: jarida gani la kupelekea makala gani, namna ya kumjibu mkaguzi mkali, namna ya kuomba pesa za utafiti, kazi gani za kamati za kukataa. Kwa kuwa walioomba walikuwa wengi kuliko viti, waliopata nafasi walichaguliwa kwa kura, na hapo ndipo ilipowezekana kupima. Baada ya miaka mitano, waliohudhuria walikuwa na machapisho kama matatu zaidi ya wale walioachwa na kura, na walipata pesa za utafiti mara nyingi zaidi. Wataalamu walipowafuata tena miaka mingi baadaye, waliona kwamba waliohudhuria walibaki zaidi katika kazi ya uprofesa na kuthibitishwa katika vyuo vikubwa. Mambo hayo ambayo hayaandikwi, wanaume wengi wanayapata wakinywa bia na wakubwa wao jioni. Kwetu pia ni hivyo, na kila asistenti wa kike anajua kwa nini hawezi kukaa kwenye meza ile.

Dawa ya tatu ilileta madhara, nasi tungependa viongozi wa vyuo vyetu waisome mara mbili. Vyuo vingi vya Marekani viliamua kwamba profesa kijana akipata mtoto, aongezewe mwaka mmoja kabla ya kupimwa. Na ili kusiwe na ubaguzi, wakasema mwaka huo apewe baba pia. Ni haki sawa kwa wote, nani angepinga? Heather Antecol, Kelly Bedard na Jenna Stearns walichunguza idara 50 kubwa za uchumi. Baada ya sheria hiyo kuanza, nafasi ya mwanamke kuthibitishwa katika chuo chake cha kwanza ilishuka kwa alama 22 kwa mia, na ile ya mwanaume ikapanda kwa alama 19. Baba alitumia mwaka wa zawadi kuandika makala nyingine katika majarida makubwa. Mama alitumia mwaka wake kunyonyesha na kukesha. Kisha kipimo kikapanda kwa wote wawili, maana wanaume sasa walikuja na makala nyingi zaidi.

Sheria hiyo ilitungwa na watu wenye nia njema, ikapigiwa makofi, na wanawake wakaondoka nayo mikono mitupu. Kama watafiti hao watatu hawangehesabu, ingeendelea kuitwa msaada kwa wamama mpaka leo.

Wako watakaotuuliza: katika mashariki ya Kongo, ambako watu wanalala kambini na shamba halilimwi, ni nani mwenye muda wa kulilia maprofesa wa uchumi? Swali ni la haki. Jibu letu linaanzia kwa Goldin. Alipochunguza madaftari ya zamani ya hesabu ya watu huko Marekani, alikuta mbele ya majina ya wanawake walioolewa kumeandikwa tu “mke”, kana kwamba hiyo ndiyo kazi yao. Wanawake hao walikuwa wakilima, wakishona, wakiendesha biashara pamoja na bwana zao. Goldin alikusanya ushahidi mwingine, akarekebisha hesabu, na ikaonekana kwamba wanawake walioolewa waliofanya kazi mwishoni mwa miaka ya 1890 walikuwa karibu mara tatu ya wale walioandikwa. Karne nzima uchumi wa inchi ile kubwa ulikuwa umesomwa bila wao.

Sasa tazama fomu yoyote ya shule hapa kwetu, penye kazi ya mama. Imeandikwa “ménagère”. Mama huyo huyo ameamka saa kumi ya usiku kuvuka mpaka na beseni la nyanya, na ndiye aliyelipa minervali ya mtoto anayejaza fomu. Utafiti wa Benki ya Dunia uliotolewa mwaka 2011 juu ya wafanyabiashara wadogo wa mipaka ya Maziwa Makuu ulionyesha kwamba walio wengi sana ni wanawake, na kwamba kila siku wanatozwa pesa zisizo halali, wanatishwa na kunyanyaswa na watu wa serikali kwenye vizuizi. Biashara hiyo inalisha miji mizima. Bila utafiti kama huo, ingebaki nje ya vitabu vya uchumi wa inchi.

Hatusemi kwamba mwanaume hawezi kuchunguza maisha ya wanawake. Lakini wachumi wa Marekani walipoulizwa maoni yao kwa uchunguzi uliotolewa mwaka 2014, wanaume na wanawake wenye diploma sawa walikubaliana juu ya mambo mengi ya msingi ya elimu yao, kisha wakaachana juu ya ugawaji wa mali, kazi ya serikali, na kama mwanamke ana nafasi sawa kwenye soko la kazi. Mtu anauliza maswali kutoka mahali alipokaa. Meza ikiwa na upande mmoja tu, maswali ya upande wa pili hayaandikwi kwenye ajenda, na bajeti inapitishwa bila hayo.

Kwa upande wa sheria, Kongo haina cha kuonea haya. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 14, inadai usawa wa wanawake na wanaume katika taasisi. Sheria ya usawa ilitangazwa mwaka 2015. Mwaka 2016 Sheria ya Jamaa ilirekebishwa, na mwanamke aliyeolewa hahitaji tena ruhusa ya bwana yake ili kufanya kazi. Malangu Kabedi Mbuyi, mchumi, aliwekwa kuongoza Benki Kuu ya Kongo mwaka 2021, mwanamke wa kwanza kwa kiti hicho. Judith Suminwa Tuluka, naye aliyesoma uchumi, aliteuliwa waziri mkuu mwaka 2024, wa kwanza vile vile. Tuliwapigia makofi, na tulifanya vema. Ila watu wawili waliopanda hadi kileleni hawatuambii kitu juu ya ngazi iliyoko chini yao.

Ngazi hiyo tunaijua: mwanafunzi, asistenti, chef de travaux, kisha teze, kisha profesa. Katika kila daraja ni mtu mmoja au wawili wanaoamua nani apande. Na kabla hata ya daraja la kwanza kuna aibu ambayo wanafunzi wenyewe wameipa jina la utani wanaloligeuza kutoka kwa magonjwa ya zinaa: alama zinazolipwa kwa mwili. Msichana anayekataa anarudia mwaka. Anayefaulu kwa jasho lake anashukiwa na wenzake kwamba alilipa. Hapo hata wanawake wawili wa Dallas hawangetosha. Wasichana wangesikiliza mazungumzo mazuri, kisha wangerudi mbele ya mwalimu yule yule mwenye ufunguo wa matokeo. Karatasi za mitihani zifichwe majina kabla ya kusahihishwa, na malalamiko yapokelewe na watu wasio wa fakilte hiyo. Hilo halihitaji wafadhili.

Kuhusu mengine, tusinakili kama kasuku. Kilichofaulu Texas hakijathibitishwa Bukavu, na ile sheria ya mwaka wa mtoto imeonyesha namna jambo zuri linavyoweza kugeuka. Kila fakilte ya uchumi ya Kivu, Katanga na Tshopo inafundisha takwimu tangu mwaka wa kwanza. Basi itoe hesabu tano, kila mwaka, ikitenga wanawake na wanaume: walioingia mwaka wa kwanza, waliomaliza lisansi, waliochukuliwa kuwa maasistenti, walioandikisha teze, na waliotetea teze hiyo. Karatasi moja inatosha, ibandikwe penye matokeo ya mitihani. Fakilte itakayotaka kwenda mbele inaweza kujaribu ziara za wanawake waliomaliza hapo zamani, katika nusu ya makundi ya mwaka wa kwanza kwa kupiga kura, na kuona mwaka unaofuata ni wasichana wangapi wamebaki.

Tunangoja karatasi hizo. Zitakazotufikia tutazichapisha jinsi zilivyo, nambari na jina la fakilte. Zile ambazo hazitafika, tutazichapisha pia, kwa jina tu.